Bibi Damari Hana Muhuri

Ndugu msomaji, kaa vizuri, na kama unayo kadi yako ya ibada iweke karibu, maana habari hizi ni za Jamhuri ya Sifani, na huko mtu hasikilizi jambo lolote la kanisa bila kadi. Kwetu mambo haya hayapo, tumshukuru Mungu. Mimi nasimulia ya wenzetu tu.

Sifani ni nchi ya wacha Mungu. Hilo silisemi mimi, limeandikwa kwenye kibao kikubwa pale uwanja wa ndege, chini ya picha ya Waziri anayetabasamu: "Karibu Sifani, Nchi ya Pili Duniani kwa Ucha Mungu." Ya kwanza haikutajwa. Mgeni mmoja aliyeuliza ni ipi alirudishwa kwenye ndege aliyokuja nayo.

Zamani watu wa Sifani walikuwa wakienda kanisani kiholela tu. Mtu anaamka Jumapili, anaoga, anakwenda, anaimba, anarudi kwake kula wali, na serikali haina habari! Jambo hili lilimkosesha usingizi Mheshimiwa Nehemia Tukuza, Waziri wa Ibada, Mahudhurio na Nidhamu ya Roho. Akasimama bungeni, akanguruma saa tatu na robo.

"Waheshimiwa," alisema, "tunaambiwa Mungu huutazama moyo. Sawa, hatupingi. Lakini mimi kama Waziri nitautazamaje? Moyo hauna nakala! Moyo hauingii kwenye faili! Je, tuendelee kumwachia Mungu kazi yote hii peke yake, kana kwamba nchi haina serikali?"

Wabunge walipiga meza mpaka mguu wa meza moja ukang'oka. Sheria ikapitishwa siku hiyohiyo, kabla ya chai.

Ndipo ilipozaliwa Kadi ya Ibada. Ina visanduku hamsini na viwili, kimoja kwa kila Jumapili, na kila kisanduku hugongwa muhuri mlangoni pa kanisa. Ukifikisha mihuri arobaini kwa mwaka, wewe ni Muumini Kamili. Usipofikisha, wewe ni Mtu wa Kawaida. Na Mtu wa Kawaida hafungishwi ndoa, mtoto wake habatizwi, na akifa haimbiwi. Gari la manispaa linamchukua, linampeleka kwenye kipande cha ardhi nyuma ya machinjio, anafukiwa, basi. Kengele haigongwi, neno halisemwi, na nduguze wakithubutu kuanzisha wimbo askari anapuliza filimbi.

*

Katika mji wa Magotini, muhuri ulikuwa mikononi mwa Karani Elifasi Ngumuo. Mtu wa makamo, mwembamba, tai yake ya zambarau haikuvuliwa hata wakati wa joto. Meza yake ilikaa mlangoni pa kanisa, na watu waliokuwa wakimwita Elifasi tu enzi zile anauza mkaa, sasa walimwita Mheshimiwa Karani na kumsogezea kiti hata alipokuwa tayari amekaa.

Kazi yake ilikuwa na kanuni arobaini, lakini kubwa ilikuwa ya saba. Karani ataketi akiitazama foleni, mgongo wake ukielekea madhabahuni, naye hatageuka hata kidogo mpaka kazi iishe. Akigeuka, ina maana wajanja wamepata nafasi ya kujigongea wenyewe, kwa hiyo mihuri yote ya siku hiyo ni batili. Elifasi aliishika kanuni ya saba kama alivyoishika shingo yake. Miaka kumi na moja aliketi kwenye mlango wa kanisa na mji mzima uliamini hajui madhabahu imepakwa rangi gani.

Sasa tazama ugumu ulipo. Muhuri mmoja, karani mmoja, waumini mia nne na ushei, na meza inafungwa mara tu baraka ya mwisho inapotolewa. Mwanzoni watu waliingia, wakasali, halafu wakatoka kupanga foleni. Wengi wakakosa. Jumapili iliyofuata walitoka wakati wa mahubiri ili wawahi. Iliyofuata walitoka wakati wa sala ya toba. Kabla mwezi haujaisha hakuna aliyekuwa akiingia kabisa. Watu walifika alfajiri na viti vyao vya kukunja, wakapanga foleni mpaka adhuhuri, wakagongewa, wakaenda nyumbani wametakasika.

Kwaya ilijaribu kuimba ikiwa ndani ya foleni. Lakini foleni ikisogea sauti ya tatu inasukumwa, inaingia kwenye sauti ya pili, ugomvi unazuka, wakaacha. Mchungaji Obadia naye, maskini, ni muumini, na ana kadi kama watu wengine. Alivumilia Jumapili mbili akivihubiria viti. Ya tatu akanunua kinasa sauti, akahubiri mara moja ndani ya mtungi wa maji ili sauti iwe nzito, akaweka na baraka ya mwisho hukohuko, akaja kujipanga na wenzake. Tangu hapo ibada ilitoka kwenye spika, ileile, karibu miaka kumi na moja, yenye kikohozi katikati. Watu wa foleni waliipenda sana. Kikohozi kikisikika wanajua zimebaki dakika ishirini, wanaanza kusukumana.

Waziri alipokuja kukagua, akaikuta foleni imelizunguka kanisa mara mbili. Machozi yakamlenga. "Huu," alisema kwa sauti ya kutetemeka, "ni uamsho." Ndani hakuingia, ratiba ilikuwa imembana.

*

Mtu mmoja tu alikuwa akiuharibu utaratibu huu mzuri, naye ni Bibi Damari.

Alikuwa kizee mfupi, mwenye kanga mbili na ndala zisizofanana. Kila Jumapili alifika saa tatu, akaipita foleni yote kwa salamu, akafika mezani kwa Karani.

"Hujambo, mwanangu?"

"Shikamoo, bibi. Foleni inaanzia kule nyuma, karibu na tangi."

"Marahaba. Naiona. Ndefu kweli leo, Mungu awatie nguvu."

"Na kadi yako?"

"Ipo nyumbani, nimefunikia maziwa. Panya wamezidi. Ngoja kwanza nikamsalimie mwenye nyumba."

Hakungoja jibu. Aliinama, akapita pembeni ya meza, akaingia ndani ya kanisa tupu lenye sauti ya Mchungaji iliyonaswa. Watu wa foleni walicheka mpaka wakashika mbavu. "Huyo bibi kachanganyikiwa jamani! Anaingia ndani kufanya nini, na muhuri uko nje?"

Baadaye alitokea mlango wa ubavuni, akachukua sufuria yake ya uji kwa mke wa mlinzi, akateremka hospitali, Wodi ya Sita. Ndiko walikolazwa wasio na mtu wa kuwaletea hata maji. Aliwaosha, aliwalisha, aliwakata kucha, akawasikiliza wakilalamika. Kadi yake ilibaki nyeupe mwaka baada ya mwaka, na kila Desemba Elifasi aliandika mbele ya jina lake: Damari, mjane, mihuri sifuri, Mtu wa Kawaida.

Miaka miwili kabla ya mambo ninayoyasimulia, mama yake Elifasi mwenyewe aliugua, akalazwa. Mnashangaa nikiwaambia alilazwa Wodi ya Sita? Msishangae. Mwanawe alikuwa na muhuri Jumapili, vikao Jumatatu mpaka Ijumaa, na Jumamosi kusafisha muhuri. Mama mzazi wa Mheshimiwa Karani akawa mtu asiye na mtu. Ni Bibi Damari aliyemwosha vidonda, na ni yeye aliyemfumba macho.

Mazishi, lakini, yalifana! Kengele kumi na mbili, kwaya mbili, hotuba kumi na tatu. Kadi ya marehemu ilikuwa imejaa mihuri, hata ya zile Jumapili alizokuwa kitandani hawezi kugeuka. Hakuna aliyeuliza. Elifasi alikuwa akiigonga jikoni kwake, Jumamosi, mlango umefungwa.

Watu walipotawanyika, Bibi Damari alimshika mkono pale kaburini.

"Mwanangu, wamesema sana leo. Mama yako angecheka, alikuwa anapenda kucheka. Mimi nikifa sitaki hotuba. Mniimbie tu. Beti mbili zinanitosha, niondoke kama mtu aliyekuwa anaelekea mahali."

Elifasi alilia kama mtoto. "Bibi, nakuapia. Wewe utaimbiwa."

*

Akafa kweli. Alhamisi asubuhi, mle wodini, alikuwa akisuuza beseni. Akasema anapumzika kidogo, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mgonjwa mmoja, hakuinuka tena.

Jirani yake, Mama Ketura, alifika ofisini kwa Elifasi na kadi mkononi, macho mekundu. "Mheshimiwa, tunataka kibali cha kumzika Bibi kwa ibada."

Elifasi alikuwa ameshasikia. Aliipokea kadi. Visanduku hamsini na viwili, vyote vyeupe. Alama pekee ilikuwa duara kubwa katikati, la kikombe cha maziwa.

Ningekuwa mimi, ningeuchukua muhuri nikaigonga yote arobaini, pap pap pap, na kumaliza maneno. Naye alilifikiria hilo, msimwone mjinga. Lakini kadi ya marehemu ikishaingia ofisini huandikwa hali yake kwenye fomu tatu, na msaidizi wake, mtu wa kusengenya, alikuwa tayari ameshaandika: "Safi kabisa, haina muhuri."

"Mama Ketura," alisema taratibu, "itabidi tukate rufaa."

Akaijaza fomu kwa mkono wake. Fomu ilisema mkata rufaa afike mwenyewe mbele ya Kamati ya Rufaa za Marehemu, au, kama amezuiliwa na sababu ya msingi, atume mwakilishi. Kwenye nafasi ya sababu, Elifasi aliandika: "Amefariki." Ikarudishwa saa moja baadaye na maandishi mekundu: "Fafanua."

*

Kamati iliketi Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa mji. Watu walijaa mpaka madirishani. Nawasifu watu wa Magotini kwa hilo, walikuja kumpigania bibi yao, na hakuna aliyekuwa ameitwa. Mle ndani ungepata shida kumpata mtu ambaye Bibi Damari hakumzalisha mke, hakumkeshea mgonjwa au hakumpelekea uji.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Bartimayo, mstaafu wa wizara, mwenye miwani minene na sauti ya kwenye redio. Alisema ana uchungu mkubwa, akasoma sheria dakika arobaini, kisha akainua kadi juu ili watu waione. Hapo mjumbe wa kulia aliomba mwongozo. Lile duara la maziwa, je, haliwezi kuhesabiwa kuwa muhuri? Kamati ikajadiliana saa nzima. Mmoja alisema ni duara, na muhuri ni duara. Mwingine akasema halina nembo ya taifa. Wa tatu akauliza kama yalikuwa maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi. Mwisho wakaamua kwamba hata likikubaliwa ni moja tu, bado thelathini na tisa.

"Hata hivyo," alisema Mwenyekiti, "sheria yetu ina huruma. Marehemu asiye na mihuri anaweza kuthibitishwa na mashahidi watatu, waliomwona kwa macho yao akiwa ndani ya kanisa, wakati wa ibada. Mashahidi wapo?"

"Tupo!" Ukumbi mzima uliitikia, hata kuta zikatetemeka.

Mchungaji Obadia alisimama wa kwanza, kanzu imepigwa pasi.

"Mchungaji, ulimwona marehemu ndani ya kanisa?"

"Nilimwona akiingia, Mwenyekiti. Kila Jumapili, bila kukosa."

"Sikuuliza akiingia. Mtu anaweza kuingia akatokea upande wa pili. Ndani ulimwona?"

Mchungaji akakohoa, kikohozi kilekile ambacho watu walikijua. "Ndani... Mwenyekiti, wakati wa ibada mimi nilikuwa kwenye foleni. Namba mia mbili na tatu kwa kawaida."

"Kwa hiyo hukumwona."

"Sikumwona."

Akaja Mama Ketura, akaja kiongozi wa kwaya, akaja mlinzi wa kanisa. Wote walikuwa kwenye foleni. Wakaja wengine ishirini, hadithi ni hiyohiyo. Muuguzi wa Wodi ya Sita, Sista Eunike, alisema yeye anaweza kushuhudia alichokuwa akikifanya hospitali. Mwenyekiti alimshukuru kwa upole. "Sista, hospitali si nyumba ya ibada. Wizara yake ni nyingine."

Fundi mmoja wa baiskeli akapiga moyo konde, akasema, "Mimi nilimwona ndani!" Watu wakashangilia. Mwenyekiti akavua miwani.

"Ulikuwa ndani ya kanisa wakati wa ibada?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi hukuwa kwenye foleni. Basi muhuri wako wa siku hiyo uliupataje? Karani, niletee kadi ya bwana huyu."

Fundi alikaa chini haraka kuliko alivyosimama. "Nadhani," alisema, "nilikuwa nimeota."

Kila mtu aliielewa hesabu ile mara moja. Mtu wa kumshuhudia Bibi lazima awe aliingia ibadani, na aliyeingia ibadani hawezi kuwa na muhuri. Mwenyekiti akachukua kalamu. Nje, gari la manispaa lilikuwa limeshawashwa.

Elifasi alikuwa ameketi kwenye kona ya makarani, tai imemkaba. Aliitazama ile kalamu. Akajikuta amesimama.

"Mimi nilimwona," alisema.

"Karani," Mwenyekiti alisema kwa kumwonea huruma, "wewe kazi yako ni kuipa madhabahu mgongo. Labda ulimsikia."

"Nilimsikia miaka tisa. Tangu nimzike mama yangu, nimemwona. Niligeuka."

Loo! Ukumbi mzima ulivuta pumzi kwa pamoja. Mjumbe wa kushoto aliangusha kikombe.

"Uligeuka lini?"

"Kila Jumapili. Miaka miwili."

Sasa wale wale waliokuja kumpigania Bibi wakainuka. "Elifasi, kaa chini!" "Mheshimiwa, usituharibie!" Kiongozi wa kwaya alikuwa na binti wa kuozesha mwezi ujao. "Ndugu yangu," alimsihi, mikono kifuani, "Bibi ameshakufa. Hasikii. Sisi tupo hai, tuna shughuli!" Mama Ketura, aliyekuwa amelia siku mbili, alimvuta shati. "Mjukuu wangu anabatizwa kesho, baba. Fikiria watu."

Elifasi aliogopa, nisiwadanganye. Alijua kazi imekwenda, na heshima, na nyumba ya serikali. Lakini alikuwa ameshaanza, na mtu akishaanza kutapika hachagui.

"Mara ya kwanza niligeuka kwa hasira," alisema. "Nilitaka kuona anafanya nini mle ndani peke yake. Alikuwa amepiga magoti, anataja majina. Kwanza wagonjwa wake, kitanda kwa kitanda. Halafu ninyi. Mmoja mmoja, kwa mpangilio wa foleni, kuanzia mlangoni mpaka kwenye tangi la maji. Wewe Mama Ketura na mguu wako. Wewe kiongozi wa kwaya na binti yako, apate mume asiyepiga. Mchungaji, alikuombea upate kupumzika. Na mimi nilikuwa wa mwisho. Alisema, Bwana, mwanao Elifasi amekaa mlangoni siku nyingi, mkaribishe ndani."

Akalia hadharani, mtu mzima na tai yake. "Na mama yangu nilimgongea mwenyewe. Jikoni. Andikeni na hilo."

Hata Mwenyekiti aliiweka kalamu chini. Wapo walioinamisha vichwa. Nilidhani, na wewe nawe labda unadhani, kwamba sasa mtu atasema jambo.

Akasema mtu wa nyuma, karibu na dirisha. "Samahani, Mwenyekiti. Hiyo batili ni pamoja na mihuri ya Pasaka?"

*

Uamuzi ulitolewa jioni ile, kurasa sita, nakala kwa Waziri. Nitautoa kwa ufupi, maana wenyewe umeandikwa na watu waliosoma.

Kwanza, Karani Elifasi amefukuzwa. Pili, kengele kumi na mbili alizogongewa mama yake kinyume cha sheria zirejeshwe, na mgonga kengele aeleze kwa maandishi atazirejeshaje. Tatu, mihuri yote ya Magotini ya miaka miwili imefutwa, na wakazi wote kuanzia sasa ni Watu wa Kawaida mpaka watakapojiandikisha upya, Jumatatu, ofisi ya wilaya, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.

Nne ndiyo iliyowaumiza kichwa. Kwa Kanuni ya Kumi na Tisa, ushahidi wa karani ni sawa na wa watu watatu. Bibi Damari alionekana ndani ya kanisa Jumapili zote za miaka miwili. Na kwa kuwa hakuwa na muhuri hata mmoja, hakukuwa na cha kufuta. Kwa hiyo Kamati, baada ya kuitafuta njia nyingine na kuikosa, ilitamka kwamba marehemu Damari ni Muumini Kamili, na ndiye pekee katika mji wa Magotini. Anayo haki ya kengele, kwaya na mchungaji.

"Isipokuwa," iliendelea barua, "kengele, kwaya na uchungaji ni huduma zinazotolewa na Waumini Kamili tu, ambao kwa sasa hawapo. Hivyo haki ya marehemu imethibitishwa, na haitatekelezwa. Kamati inatoa pole."

*

Jumatatu foleni ya wilaya ilianza kabla ya jogoo. Ofisi ile inatazamana na makaburi, barabara tu ndiyo inayokatiza. Mji mzima ulikuwepo pale na viti vya kukunja. Mchungaji Obadia alikuwa namba saba, nafasi ambayo hakuwahi kuipata maishani. Hata askari wa filimbi alikuwepo, namba sitini, naye ana watoto.

Elifasi hakupanga foleni. Mtu aliyefukuzwa haruhusiwi kujiandikisha kwa miaka mitano. Saa nne hivi alisimama kando ya kaburi lililochimbwa, mikono mitupu, bila tai, akiwaza atafanyaje. Alikuwa ameahidi wimbo. Yeye mwenyewe hajaimba tangu alipokabidhiwa muhuri, na sauti moja ya mtu anayelia si mazishi.

Ndipo akaona watu wanakuja kutoka upande wa hospitali. Sista Eunike alitangulia, jeneza likafuata kwenye kitanda cha magurudumu, na nyuma yake Wodi ya Sita nzima, waliojiweza na wasiojiweza, kwenye magauni ya hospitali yasiyofunga mgongoni. Mmoja alikuwa na magongo. Wawili walimbeba wa tatu. Mwingine alishikiliwa chupa yake ya maji ya dripu juu kama taa. Watu wasio na kadi, ambao serikali haikuwahi kuwaandika popote, si kwenye Ukamilifu wala kwenye Ukawaida.

Hawakusubiri mtu. Mama mmoja mwenye kifua kibovu alianzisha, wengine wakapokea. Waliimba vibaya, Mungu anisamehe, kila mmoja na ufunguo wake, na katikati ya ubeti wa kwanza wawili walishikwa na kikohozi ikabidi wangojewe. Wakangojewa. Halafu wakaendelea.

Wimbo ulivuka barabara. Kwenye foleni watu waliacha kusukumana. Mchungaji Obadia aligeuza shingo, akatazama kaburini, akatazama mlango wa ofisi uliokuwa umechelewa saa nne, ndio kwanza unafunguliwa. Nasikia alimgusa bega aliye nyuma yake, akamwambia kwa sauti ndogo, "Nishikie nafasi, naja sasa hivi," akapiga hatua mbili, kanzu ikipepea. Namba nane akasogea mbele. Mchungaji aliliona lile pengo lake linazibwa, akarudi mbio.

Kule kaburini walimaliza beti mbili, wakaendelea na ya tatu na ya nne, hakuna aliyewahesabia. Elifasi alikuwa akiimba. Hakujua alianza lini.

Yule mwenye magongo, jina lake Sengo, alikuwa ameshamwangalia kwa muda. Alijongea karibu.

"Kaka, wewe sijakuona wodini. Unasali kanisa gani?"

Elifasi alifungua mdomo ataje kanisa la Magotini, pale mlangoni, miaka kumi na moja. Akaufunga.

"Bado sijaanza," alisema.

"Haya," alisema Sengo, akamsukumizia ncha ya kamba. "Kamata hapa, tumshushe Bibi. Taratibu, asigonge."